Binti kagoma kutolewa vitairi vya baiskeli

Wakuu, binti yangu yupo darasa la kwanza, baiskeli anaendesha fresh ila nikishika spana tu nitoe vile vitairi vya pembeni analia mtaa mzima unasikia, na mi jumapili ndo siku pekee nashinda home. Nyie mliwafundishaje?

— Mkuu toa pedeli kwanza, shusha siti mpaka nyayo zikanyage chini, awe anajisukuma kwa miguu mpaka balansi ikae. Pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume, usilazimishe.

— Na breki mapema! Wa kwangu alijua kukimbiza kabla ya kusimama, kaingia na baiskeli kwenye genge la jirani, nyanya zote nikalipa mimi 😂

— Asanteni, pedeli nishatoa. Sasa mama yake anauliza nani kaharibu baiskeli