Siku 140 kwa miaka miwili: kalenda ya Bunge la Texas inampa gavana neno la mwisho

Wakuu, hasa mlioko Houston na Dallas, someni hili mpaka mwisho.

Bunge la jimbo la Texas hufunguliwa Jumanne ya pili ya Januari, saa sita mchana, kwenye miaka ya witiri tu. Linakaa siku 140, basi. Lililopita lilifungwa 2 Juni 2025, lijalo ni 12 Januari 2027. Jimbo la watu zaidi ya milioni 30 linapitishiwa bajeti ya miaka miwili kwa mkupuo mmoja!

Na hizo 140 si zote za kazi. Siku 60 za mwanzo Katiba inazuia miswada kupitishwa, labda gavana aitangaze ya dharura au wabunge wanne kwa kila watano wakubali kuliweka kando zuio hilo. Halafu inafika siku ya 122, mwisho wa Baraza la Wawakilishi (baraza moja kati ya mawili ya Bunge, jingine ni Seneti) kusoma miswada yake mara ya pili, yaani kuijadili na kuipigia kura. Hapo ndipo panapokera. Anayetaka kuua muswada wa ishirini kwenye orodha hana haja ya kuupinga. Anakwenda kwenye maikrofoni, anahoji muswada wa kwanza usio na ubishi wowote, anakula dakika zake 10, mwenzake anapokea. Ikigonga saa sita usiku, iliyobaki imekufa bila kura hata moja. Wananchi waliosafiri hadi Austin, mji mkuu wa jimbo, kutoa ushahidi wamepoteza nauli zao.

Kibaya zaidi ni turufu, yaani mamlaka ya gavana kukataa muswada uliopitishwa. Bunge likishafungwa, gavana ana siku 20 za kusaini au kukataa. Theluthi mbili za kila baraza zinaweza kuitengua turufu, lakini watu wameshatawanyika! Mara ya mwisho kutenguliwa ilikuwa 1979. Mwaka 2025 Gavana Greg Abbott aliupiga turufu muswada wa kupiga marufuku bidhaa za THC (kemikali ya bangi inayolevya) usiku wa 22 Juni, dakika chache kabla ya muda kwisha. Uwe uliupenda au uliuchukia, wabunge hawakuwa na pa kumjibu. Kikao maalumu huitishwa na gavana peke yake, siku zisizozidi 30, na ajenda anaandika yeye.

Wabunge wasijifiche nyuma yake. Azimio la kubadili Katiba halihitaji saini ya gavana: kura 100 kati ya 150 za wawakilishi, 21 kati ya 31 za maseneta, kisha linakwenda kwa wapiga kura. Bunge lipewe haki ya kujiitisha lenyewe baada ya turufu. Miswada inaanza kupokelewa 9 Novemba 2026. Mpigieni mbunge wako simu kabla ya tarehe hiyo.