Nalipwa na kampuni ya Marekani, naishi Moshi: kodi nalipa wapi?

Kijana wa Rau: Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa. Natengeneza programu za simu nikiwa nyumbani hapa Moshi. Tangu Januari nina mkataba na kampuni ya Marekani. Si ajira, nawapelekea ankara kila mwisho wa mwezi, nalipwa kwa dola, kama milioni mbili za kwetu. Sasa wamenitumia fomu W-8BEN, wanasema nisipoijaza malipo yanasimama. Naogopa nikisaini nitakuwa nimekubali kodi ya kwao. Na hapa nyumbani je? TIN, namba ya mlipakodi, sina.

Wa Mbuyuni: Mangi, tulia. Huna duka, huna fremu, hela inatoka nje. Nani atakufuata? Saini uendelee na kazi.

Dada Mhasibu, Njiro: Mdogo wangu, kusaini saini, ila hayo mengine usiyafuate.

Fomu hiyo inasema wewe si Mmarekani. Kwa sheria yao, malipo ya kazi huhesabiwa pale kazi ilipofanyika. Wewe unafanyia Rau, kwa hiyo hawana cha kukukata. Kampuni inaitunza, haiipeleki mamlaka ya kodi. Ukisaini mwaka huu inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya huu.

Kodi yako iko hapa. Mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato yake yote, yawe ya Moshi au ya Marekani. Na usikubali kukadiriwa kwa mauzo kama muuza duka. Utaratibu ule hauwahusu watoa huduma za kitaalamu na kiufundi. Wewe unatozwa kwenye faida.

Tupige hesabu. Milioni 24 kwa mwaka. Toa intaneti 1,200,000, pango la chumba cha kazi 1,800,000, umeme na makato ya kupokelea fedha 1,000,000. Inabaki milioni 20. Milioni 12 za kwanza kodi yake ni 1,536,000. Nane zilizobaki ni asilimia 30, yaani 2,400,000. Jumla 3,936,000. Unailipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kila awamu 984,000. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi yako, mwisho wake ni Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Risiti za matumizi ndizo zitakazokuokoa. Bila risiti, ile milioni nne inarudi kwenye faida, na utailipia 1,200,000 zaidi.

Fundi Sakina: Mimi nilikaa miaka miwili kimya kama alivyoshauri Wa Mbuyuni. Nilipoomba mkopo wa kujenga, benki ikataka ritani. Sikuwa nayo hata moja. Nililipa kodi ya nyuma pamoja na riba na faini, kiwanja kikachukuliwa na mwingine. Bado inaniuma.

Wa Mbuyuni: Nimekuelewa fundi. Kijana, nafuta neno langu.

Kijana wa Rau: Asanteni sana. Dada, awamu zilizopita nimeshaziruka, nifanyeje?

Dada Mhasibu, Njiro: Nenda mwenyewe TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujaitwa. TIN ni bure, beba namba ya NIDA, mkataba na ankara zote. Kiasi kikikushinda kwa mkupuo, andika barua uombe kulipa kidogo kidogo. Na kuanzia malipo yajayo, tenga laki tatu na nusu kila mwezi kwenye akaunti nyingine, usiiguse.

Kijana wa Rau: Jumatatu asubuhi niko TRA. Ankara naziprinti leo.