Naomba ushauri: kusomea uhusiano wa umma, Marekani
Wakuu, habari zenu. Niko Houston, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Nataka kusomea uhusiano wa umma, nianzie komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili): ada nafuu kwa mkazi, krediti (alama za kozi unazomaliza) kama 60, kisha nihamie chuo kikuu kumalizia digrii. Ila matangazo mengi ya kazi yanataka digrii ya miaka minne na mifano ya ulichoandika, kama taarifa kwa vyombo vya habari. Mimi ninazo taarifa za misiba na michango tu ninazoiandikia jumuiya yetu ya Watanzania (na huko nako ukikosea jina la mchangiaji, utajuta). Zinahesabika kweli? Mliopita njia hii, field (mafunzo kwa vitendo) mlipataje? Na mlipohama, krediti zote zilipokelewa?