Nimebakiza wiki 6 kabla ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza): nianzie wapi?

Muulizaji, Kampala: Ndugu zangu, ingawa nimesomeshwa kwa Kiingereza miaka mingi, insha zangu za majaribio huishia njiani kabla ya kufikia maneno 250. Nifanyeje?

Mwalimu, Jinja: Ndugu, anza na hiyo ya maneno 250, yaani kazi ya pili kati ya mbili za sehemu ya kuandika, kwani uzito wake ni maradufu ya ile ya kwanza, tenga dakika 40, tano za mwanzo zikiwa za kupanga hoja. Jihadhari pia na Kiingereza chetu cha kwenye taksi, ambako “extend” humaanisha sogea (mimi mwenyewe huisema kila siku).

Mtahiniwa wa zamani: Mimi niliponzwa na sehemu ya kusikiliza. Sauti huchezwa mara moja tu, hivyo ukilikosa jibu, liache uendelee na swali linalofuata.