Mpunga pori na SARO 5, naweza kukrosi mwenyewe?

Kijana_Kilombero
Wakuu habari za jioni, nalima mpunga aina ya SARO 5 huku Kilombero, msimu huu kimyanga (ule ugonjwa wa kirusi) kimenipiga shamba karibu lote manjano, ila mpunga pori ulioota mtaroni upo kijani tu. Je nikichukua chavua ya ule wa pori nikaiweka kwenye SARO si napata mbegu ngumu? Nasikia wataalamu hufanya hivyo.

Shamba_darasa
Wazo si baya mkuu. Miaka ya 70 kirusi cha kudumaza kilisumbua sana Asia, IRRI, taasisi ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, wakapima aina zaidi ya 6,000, kinga wakaikuta kwa Oryza nivara, mpunga pori wa India, ndo kupitia huo ikatoka mbegu ya IR36 mwaka 1976. Huo wako kama mizizi inatambaa chini ni Oryza longistaminata, wa Mali ndo ulitoa jeni (kipande cha urithi) ya Xa21 inayozuia bakteria wa kukausha majani.

Shida ni kazi yenyewe. Ua la mpunga hujichavusha, so unawahi kabla halijafunguka, unakata ncha ya ganda, unatoa stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) zote 6, unafunika, ndo unaleta chavua. Hapo kiinitete (kimmea kichanga) mara nyingi kinafia ndani ya punje, lazima kikuzwe maabara. Kikipona nacho kinakuja na upori wote, punje zinapukutika kabla hujavuna, mapepe (punje tupu) kibao, inabidi urudie kukrosi na SARO misimu na misimu huku unachagua zenye kinga tu.

MamaJuma_Mbarali
Msiusogeze shambani jamani!! Huku ukiacha kipande cha mzizi tu umekwisha

Chotara
Mama hiyo mizizi unayoilaani Wachina wameitumia hiyohiyo, wamekrosi longistaminata wakapata mpunga wa PR23, imetoka 2018 Yunnan, unapanda mara moja unavuna miaka minne bila kupanda tena 😀

Shamba_darasa
Na kijani isikudanganye, longistaminata nayo imeshakutwa na kirusi cha kimyanga. Kinga ya kimyanga ilipatikana kwa Gigante ya Msumbiji, mpunga wa kawaida kabisa, na kwa glaberrima, ule wa asili wa Afrika Magharibi.

Kijana_Kilombero
Duh, basi Gigante ndo naitaka, nani ana mbegu?

Shamba_darasa
Usiokote mbegu mitandaoni, nenda TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Ifakara kaulize wana aina gani inayovumilia kimyanga. Na mtaro usafishe.