Naomba ushauri: karama tofauti katika kushuhudia pamoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Sisi ni waumini saba wa kanisa moja hapa Masasi, mkoani Mtwara, na kila Jumamosi jioni tunatembelea majirani. Wawili wana karama ya kufundisha, lakini mama mmoja, ambaye si msemaji, huwapikia wagonjwa uji na kuwafulia, na kwa kweli ndiye anayefunguliwa milango mingi zaidi. Walimu wetu wanaona kuwa kuhubiri tu ndiko kushuhudia, naye ameanza kujitenga. Tulijaribu kupeana zamu za kuhubiri, akatetemeka hadi akalia. Tumesoma 1 Wakorintho 12, ambapo Paulo anafananisha kanisa na mwili wenye viungo vingi, bila kuafikiana. Je, tupangeje ziara ili kila karama ipate nafasi? Nami nizungumzeje na walimu hao bila kuwavunja moyo?