Fundi kabadilisha kila kitu isipokuwa kosa lake: pikapu imeshushwa, sasa inatetemeka kama mashine ya kusaga

Wakuu habarini. Najitahidi kuandika kwa staha kwa sababu wasimamizi wapo, lakini hasira hizi ni za miezi mitatu.

Cheko tulimalize mapema. Ndiyo, nimeshusha pikapu, na ndiyo, naishi Tabora. Mitaa ya Ipuli mvua ikinyesha naijua kuliko nyinyi. Kazi yangu ni kupeleka majokofu na viti vya kukodi kwenye sherehe, na bodi ikiwa chini, watu wawili tunapakia mzigo bila kuumia mgongo. Halafu nisiwe mnafiki, niliipenda ilivyokaa. Haya, mmecheka, tuendelee.

Jina la gereji silitaji. Ekseli yangu ya nyuma ilikuwa inakaa chini ya springi, fundi akaihamishia juu ya springi, gari ikashuka vizuri tu. Ila kazi hiyo inataka vikalio vipya (vyuma vya kukalia springi) vichomelewe kwenye ekseli, na vikishachomelewa ndiyo vinaamua pua ya difu (pale gia za ekseli zinapopokea propela, ile shafti ndefu itokayo giaboksi) itaangalia wapi mpaka siku utakapovikata. Jamaa kainua gari kwa jeki, kaikamata kwenye chesisi, ekseli inaning'inia chini kabisa. Kafumba jicho moja, kaielekeza pua ya difu kwenye giaboksi, kachomelea. Mimi nipo palepale nimekaa juu ya ndoo nakula embe, naona kila kitu na sijui ninachokiona. Laki nne na nusu, taslimu.

Kesho yake naelekea Urambo. Hadi 60 raha mstarehe. Ikigusa 70 sakafu inaanza kuvuma, 80 kioo cha kati huoni tena kilicho nyuma, na ukipakia mzigo inazidi. Sikufika hata Ndono, nikageuza.

Hapo ndipo sinema ilipoanza. Mara tairi hazina balansi, zikabalansiwa. Mara krosi (kiungo kinachopinda kwenye ncha ya propela), ikawekwa mpya. Mara raba za injini na giaboksi. Mara shokapu, sijui shokapu ilimkosea nini. Krosi ya nyuma ikarudi kulia baada ya wiki tatu, akaweka nyingine akisema ile ya kwanza ilikuwa feki. Kila mara nalipa kifaa, nalipa na mkono wake. Mwishoni ananiambia, "Kaka, gari imezeeka hii." Imezeeka lini? Siku moja kabla hujaigusa ilikuwa inatembea 100 imetulia!

Nikaamua kufikiri mwenyewe. Nikiwa 80 nikatoa gia, nikaiacha iserereke, injini imeshuka hadi sailensa (inanguruma polepole bila mafuta): mtetemo bado upo. Basi si injini. Tairi zangu kwa mwendo huo zinazunguka kama mara 10 kwa sekunde, na tairi mbovu ungeisikia inadunda, unaweza karibu kuhesabu. Difu yangu ni meno 41 kwa 10 (tairi ikizunguka mara moja, propela mara 4.1), kwa hiyo propela inazunguka zaidi ya mara 40 kwa sekunde, na krosi iliyopinda kupita kiasi inasumbua mara mbili kwa kila mzunguko. Ni zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Huo ndio mvumo ninaousikia kwenye nyayo.

Hili la krosi nalieleza polepole kwa sababu ndilo fundi hataki kulisikia. Krosi ikifanya kazi imepinda, upande mmoja ukizunguka kwa mwendo sawa, upande wa pili hauzunguki sawa: unakimbia kidogo, unapunguza kidogo, mara mbili kila mzunguko. Ndiyo maana zipo mbili. Ya mbele ikiharibu, ya nyuma inasawazisha, lakini kwa sharti kwamba zote zimepinda kiasi kilekile. Na ili zipinde sawa, mhimili wa giaboksi na wa pua ya difu inabidi viwe sambamba. Difu haitakiwi kuangalia giaboksi! Hiyo ni ya propela zenye krosi pacha (mbili zilizoungana) upande wa giaboksi, na yangu siyo. Na hata ingekuwa ndiyo, huwezi kupima gari ikiwa hewani. Ilipotua, propela ikalala, difu ikabaki imetazama mbinguni.

Nikaipeleka kwenye shimo, tairi zote chini, nikapima kwa pimamaji ya simu. Simu! Bure! Giaboksi: nyuzi 4. Propela: nyuzi 2. Difu: nyuzi 9, zote zikipanda kuelekea mbele. Kwa hiyo krosi ya mbele imepinda nyuzi 2 na ya nyuma nyuzi 7. Tofauti nzuri haizidi nyuzi 1, na kwa gari ya mwendo wa barabarani hutaki krosi ipite nyuzi 3 hivi. Unashangaa nini ikifa kwa wiki tatu?

Mkerezaji mmoja kijana akanichongea kabari mbili za chuma za nyuzi 6 za kuweka kati ya springi na kikalio (msikubali za alumini, zinapondeka), tukaweka sentabolti (bolti ya katikati ya springi) ndefu zaidi, tukarudisha yu-bolti zinazobana ekseli na springi. Difu ikashuka hadi nyuzi 3. Ile moja iliyopungua chini ya giaboksi ni makusudi, maana ukikanyaga mafuta springi zinajikunja na pua inapanda kidogo. Asubuhi nikaondoka, 80, 90, nimefika Urambo kioo kimetulia, namwona bodaboda wa nyuma hadi rangi ya kofia yake. Nikirudi nikakaza yu-bolti tena.

Jana nimemrudia fundi, namdai hela ya krosi mbili na raba ambazo hazikuwa na kosa. Anajibu huku anakula mahindi: "Ulilipa nishushe, hukulipa nipime nyuzi."

Uwanjani kwake kuna pikapu nyingine mbili zinasubiri kushushwa. Zote mbili ziko juu ya jeki, ekseli zinaning'inia.